Jicho la Tano

Kwanza kigae.
Kabla mapangaboi manne hayajaanza kukata hewa
naweka chini kigae cha kijivu, kadiri ya kisahani cha chai,
mbali na kivuli changu, mbali na kivuli cha ukuta,
na kamera inakitazama kama sonara atazamavyo jiwe lake la kupimia:
hiki ndicho kijivu cha leo, kwa jua la leo,
mengine yote yatahukumiwa kwa hiki.

Brizio hasemi neno mpaka kigae kisomwe.
Kisha: "Toka hapo." Natoka.
Droni inapanda juu ya mizeituni ya Salento,
kwenye kisigino cha buti la Italia,
udongo mwekundu, kuta za mawe yasiyojua saruji,
inapanda na macho yake matano, kila jicho na ulafi wake:
moja linakula buluu, moja kijani, moja nyekundu,
la nne linakaa ukingoni, pale nyekundu inapokwisha,
na la tano
linaanza kuona pale sisi tunapokuwa vipofu.

Jani zima huurudisha mwanga ule tusiouona,
huutupa kwa wingi, kama tajiri asiyehesabu chenji.
Jani lililoanza kufa huwa bahili,
wiki nyingi kabla ncha haijakauka.
Ukijani bado upo, umepigwa pasi,
umeketi mlangoni kupokea wageni.

Cosimina Scardino alitukatalia mara mbili.
Ya tatu alituacha turuke, ila akaingia shambani na ndoo,
"kazi zangu hazimngoji mdudu wenu,"
akawa anapita chini ya njia za droni
na gauni jeusi, soksi nyeusi, kitambaa cheusi kichwani,
mwaka wa saba tangu Uccio ashushwe kaburini.

Jioni, mezani kwake, kati ya mkate na maganda ya maharage,
Brizio akageuza kompyuta.
"Mti wa mia mbili na kumi na mbili. Huu. Na jirani zake wawili."
Kwenye ramani ulikuwa na doa la njano utosini.
Mama akachungulia dirishani.
Mti umesimama, mbichi, umebeba kuliko yote.
"Ule aliupandikiza Uccio, mwaka nilipomzaa Assuntina.
Uongo."

Nikamfungulia picha ghafi, jicho baada ya jicho.
Buluu: nukta nyeusi kati ya miti, yeye na ndoo yake.
Kijani: nyeusi.
Nyekundu: nyeusi.
La tano:
mwanamke mweupe,
mweupe pe, toka kitambaa hadi soksi,
mweupe kuliko chokaa ya kuta zake,
bibi harusi aliyesahauliwa shambani na ndoo.

Nikaanza kueleza: ni rangi ya kiwandani tu, mama,
nyeusi yake inaishia machoni petu,
mbele ya hapo haina habari ya msiba.
Akaninyamazisha kwa kijiko.

"Mti ulio hai mnasema unakufa.
Mimi niliyevaa kifo mnaniita bibi harusi.
Kamera yenu mbea, tena mbea asiyejua habari."
Akaifunga kompyuta kwa kiganja, taratibu, kama anayefunika chungu.
Tulipoondoka alitupa chupa mbili za mafuta, za mti ule ule.
Sijui kama ilikuwa zawadi au hoja.

Mwezi wa tisa simu ililia tukiwa kwa watu wengine,
kigae mkononi mwangu.
Hakusalimu.
"Umeanzia juu," alisema. "Ncha. Kama mtu aliyeungua nywele."
Nikasikia msumeno, mbali, labda wa jirani.
"Kesho wanakuja kuukata. Nitasimama pale pale."
Brizio ananipungia: wingu linakuja, weka kigae.
"Ile picha," akasema. "Ya jicho la tano. Bado unayo?"

Ninayo.

"Nitumie. Kubwa.
Assuntina asijue."